Barua kwa mwanangu: cheti kwanza, mtaji baadaye

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua kama kila vuli. Umeniuliza jambo moja tu: mwenzio anastaafu jeshi mwakani, je, kiinua mgongo kikitoka mnunue basi dogo la Coaster muliweke barabarani, au mfungue gereji? Kila nikitaka kulijibu swali hilo najikuta najibu jingine. Huyu mkwe wangu, siku akivua sare, ataonyesha karatasi gani kwamba yeye ni fundi?

Msimamo wangu umeusikia tangu ukiwa shule: cheti kwanza, mtaji baadaye.

Baba yako mdogo ulimjua akiwa ameshatoka jeshini. Hukumjua akiwa karakana. Lori la dizeli likigoma, alilegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja injini ikiwaka, akasikiliza, akakuonyesha kidole silinda iliyokufa. Alipostaafu alinunua basi dogo. Yaliyofuata mnayajua nyote: dereva akimpa gari deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku, hesabu ikipungua kila wiki, tairi, springi, gasketi, mpaka basi likauzwa kwa bei ya chuma. Akaenda kuomba ufundi kwenye kampuni moja ya malori. Wakamuuliza vyeti. Vyote alivyokuwa navyo vilitaja namba ya jeshi na kozi ambazo mtu wa ajira hakuzielewa. Wakampa kazi ya ulinzi, getini, kwenye yadi ileile ya malori.

Linaloniuma mpaka leo ni hili. Lori moja lilikuwa linatoka kila alfajiri likigonga, linatoa moshi. Alimwambia dereva: nozeli ya silinda ya tatu inadondosha badala ya kunyunyiza, mtachoma pistoni. Dizeli ikidondoka hivyo huwakia mahali pamoja juu ya pistoni mpaka panatoboka. Nani amsikilize mlinzi? Pistoni ikatoboka, na aliyeitwa kufungua injini alikuwa kijana mwenye cheti, aliyekuja kumuuliza yeye pale getini aanzie wapi. Baba yako mdogo alimwelekeza kwa upole. Mimi nisingeweza.

Basi mkwe wangu asisubiri siku ya kuagwa. Aanze sasa, akiwa bado ndani, kwa sababu ndani ndiko waliko wanaoweza kumwandikia. Apitie kwa wakubwa wake kwa utaratibu, aombe barua inayoeleza kazi aliyofanya kwa lugha ya kiraia: miaka aliyosimamia karakana, aina ya magari, idadi ya mafundi chini yake, ratiba za matengenezo, utunzaji wa vipuri. Mambo ya kikosi na silaha yasiguswe kabisa. Kisha aende ofisi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, aulizie utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Atajaza fomu, atahojiwa, atapimwa kwa mikono yake mbele ya watathmini. Wakiona mapengo atafundishwa hayo tu, kisha apimwe apewe cheti cha fani na ngazi anayostahili. Hakuna kukaa darasani na watoto kuanzia mwanzo.

Pengo lake nalijua bila kumpima. Mafundi wengi wa jeshi wa rika lake ni wazuri sana kwenye pampu za zamani, na wazito kwenye umeme wa gari na sensa. Gari za sasa za dizeli zina reli moja ya mafuta, yaani bomba la pamoja linalolisha silinda zote, yenye mgandamizo unaopita bar 1,000. Ile mbinu ya baba yako mdogo ya kulegeza nati injini ikiwaka, kwenye injini hizi dizeli inapenya ngozi kama sindano na mtu anaweza kupoteza mkono. Siku hizi silinda iliyokufa unaitafuta kwa mashine ya kupimia. Akajifunze mashine hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Leseni nayo aiangalie. Kuendesha malori ya jeshi miaka yote hakumpi leseni ya kiraia ya daraja E. Akiitaka, kozi ya magari makubwa ipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo.

Hapa najibishana mwenyewe. Mbona mtaani kuna wastaafu wenye gereji chini ya mwembe, hawana cheti hata kimoja, na foleni ya magari haiishi? Ni kweli, wapo, na mwenye bajaji haulizi cheti. Lakini mteja mwenye magari ishirini anauliza, na shirika linalotaka mkataba wa matengenezo linauliza. Hata mkifungua gereji, karatasi ndiyo itakayoamua mnahudumia bajaji au magari ya kampuni. Nimegeuza na kugeuza, narudi palepale: cheti kwanza, mtaji baadaye.

Akiajiriwa, jambo la mshahara ndilo linalowaponza wengi wao. Jeshini mshahara ulikuja na nyumba na matibabu, kwa hiyo mtu akitajiwa mshahara unaofanana na ule wa zamani anafurahi, kumbe ameshuka. Kaeni na kalamu: kodi ya nyumba, maji na umeme, nauli, bima ya afya ya wote. Jumlisheni juu ya mshahara wake wa sasa, ndipo mjue kima cha kuomba. Mkataba uwe wa maandishi, na aulize kuhusu mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, nusu mwajiri nusu yeye. Tena avumilie bosi mdogo kiumri. Katika miezi 6 ya kwanza sheria ya kazi haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na ndiyo miezi ambayo mstaafu hupandwa na hasira kwa kuwa kijana hakumwita afande.

Na wewe je? Hukuuliza, lakini wewe pia unastaafu. Cherehani yako inakula kwa wateja wa kambini, na siku mkirudisha kota wateja watabaki huko. Anza kushona sare za shule nje ya kambi sasa, mwezi wa kumi, kabla ya msimu wa Januari, jina lako lijulikane mapema. Mjukuu wangu mwakani yuko kidato cha nne, akishasajiliwa mtihani hapo shuleni msimhamishe. Bora apangiwe bweni mpaka Novemba ipite.

Fedha ikiingia, isiguswe kwanza. Tengeni matumizi ya miezi 6. Inayobaki ikae mahali tulivu wakati mkwe wangu anamalizia cheti. Hati fungani za serikali zinaanzia shilingi 1,000,000 na riba inaingia kila miezi 6. Ndugu watakuja na mawazo ya biashara, wasikilizeni, wapeni chai.

Sasa Coaster au gereji. Ningekuwa mimi… hapana, sisemi. Fedha ni ya jasho lake, na ninyi ndio mtakaolala na deni likitokea. Ila Coaster ina tairi sita, mwanangu, na dereva wake si wewe wala si mumeo. Basi, niishie hapo.

Jumamosi nitampigia mkwe wangu baada ya saa mbili usiku. Awe na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kadi ya benki, barua yake ya kuandikishwa jeshini, cheti chenu cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tulinganishe majina herufi kwa herufi. Herufi moja ikitofautiana malipo yanaweza kukwama kwa miezi, na kiapo cha kurekebisha jina ni rahisi kukipata sasa kuliko wakati watoto wanadaiwa ada.

Ni mimi baba yako