Kabla hujanunua kamera ya filamu ya otofokasi, soma hii kwanza

Wasee, hizi kamera za filamu za miaka ya 80 na 90 zenye otofokasi (lenzi inajirekebisha yenyewe picha iwe wazi) huuzwa bei poa na kuna sababu. Yangu niliipata soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili moja, imelala katikati ya pasi na redio mbovu, jamaa akasema elfu mbili nikamshusha hadi elfu moja mia tano, nikarudi nyumbani najiona mjanja kweli.

Kumbe betri. Haikuli AA, inataka ile ya lithiamu ya volti 6, 2CR5. Nilizunguka Oginga Odinga Street yote, wauza saa, wauza simu, supamaketi, wote wananiangalia tu, mwishowe ikabidi niagize Nairobi na bei yake ikapita ya kamera yenyewe. Na usifikirie utapiga bila betri, hizi si kama zile za kuvuta filamu kwa kidole. Shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni umeme, kuvuta filamu ni mota, kurudisha pia mota. Betri ikiisha umebaki na tofali.

Haya, nikapiga roli nzima, picha 36, zikiwemo za ruracio (sherehe ya mahari) ya binamu yangu (ameoa Nyeri), nikatuma Nairobi zisafishwe. Nyingi zilirudi nusu nyeusi. Ndani ya baadhi ya hizi kamera kuna kampira kadogo ka kuzuia pazia la shata lisigonge, sasa miaka ikienda kanayeyuka kanakuwa kama lami, kanashikamana na pazia halifunguki vizuri. Kwa hivyo ukienda kununua fungua mgongo wa kamera hapo hapo mbele ya muuzaji, angalia pazia, ukiona doa jeusi linalonata mrudishie na umtakie siku njema. Fundi wangu aliifungua, akachungulia, akaifunga, akasema "hii ni kompyuta ndugu yangu, na spea hakuna."

Otofokasi yenyewe? Pointi moja tu ya kufokasi, katikati. Jioni pale ufuo wa Dunga mitumbwi ya omena ikitoka, lenzi inaenda mbele inarudi nyuma zzz zzz, ikipata fokasi mtumbwi ushafika mbali.

Na kama unanunua kwa sababu ya lenzi, jua Canon EOS za filamu tangu 1987 zinashiriki lenzi za EF na EOS za dijitali zenye kioo ndani (DSLR), lakini lenzi za AF za zamani za Nikon hazina mota ndani, ukiweka kwa kamera ya dijitali kama Nikon D3500, ambayo pia haina mota ya kusukuma lenzi, utafokasi kwa mkono.

Yangu sasa iko juu ya kabati. Betri bado ina chaji, kama uko Kisumu na unaihitaji tuongee.