Unataka kuandika historia ya taasisi? Fuata mmea, achana na wakurugenzi

Mwanafunzi mmoja wa uzamili ameniandikia: "Kaka, unaandikaje historia ya taasisi ya utafiti bila kuwachosha watu?" Nimefurahi kuulizwa. Kuna mhariri aliwahi kunirudishia makala yangu ya kituo cha utafiti cha Amani, akisema maabara haina msomaji. Ilitoka kwingine na watu bado wanaisambaza. Sijamsahau.

Amani ipo Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 iwe taasisi ya baiolojia na kilimo, mkurugenzi wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Wengi huanzia hapo, kisha wanapanga wakurugenzi mmoja baada ya mwingine hadi msomaji asinzie. Mimi nilifuata mimea. Vita vya Kwanza vilipoikatia koloni njia ya baharini, Amani ilitengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa magome ya miti ya misinkona iliyopandwa palepale, kwa ajili ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Hiyo tayari ni hadithi!

Ila utamu uko kwenye muhogo. Wajerumani walipanda sana mti wa mpira wa aina ya Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo, wakitafuta fedha; bei ikaporomoka mwaka 1913. Waingereza walipoichukua Amani, mtafiti H. H. Storey alichunguza batobato, ugonjwa wa muhogo, na katika miaka ya 1930 akaeleza ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Yeye na mwenzake Nichols wakachavusha muhogo kwa chavua ya mpira uleule, wakitafuta uzao unaostahimili magonjwa. Mbegu za kazi ile zilifika Nigeria, na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wakaziendeleza. Niambie, ni mkurugenzi gani angekupa mkasa kama huo?

Vijana mnapenda njia ya mkato: mnanakili ukurasa wa "Kuhusu Sisi" mnaita historia. Fuateni mmea. Narudia, fuateni mmea, kisha kaeni na wazee waliofanya kazi bustanini, maana ripoti huwataja wazungu tu.

Na mkiingia kwenye nyaraka, msitafute kwa jina moja. Baada ya Vita vya Pili utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na Amani ikawa ya malaria, baadaye ikawa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa hiyo muhogo utaukuta kwenye majalada ya kilimo, na mbu kwenye ya afya.