Ukitaka Kuandaa Maonyesho ya Uchongaji, Anza na Kigoda Kimoja

Nimeshiriki kuandaa maonyesho maalumu ya kazi za mbao mara nne katika kituo kidogo cha utamaduni hapa Mwanza, na kila mwaka hunijia walimu, viongozi wa vikundi vya ngoma na vijana wenye mikusanyo yao wakiniuliza waanzie wapi. Jibu langu halijabadilika: punguzeni vitu. Mara ya kwanza tulijaza ukumbi vinyago, miko, mizinga ya nyuki na mabao, na wageni wakapita kama watu wanaopita sokoni wakiwa na haraka. Mara ya tatu tuliweka vigoda tisa peke yake, na mlinzi alilazimika kuwaomba watu watoke ili afunge mlango.

Maonyesho ya kudumu yana haki ya kueleza historia nzima ya jamii, lakini maonyesho maalumu yanapaswa kubeba swali moja ambalo mgeni atalielewa kabla hajafika katikati ya ukumbi. Swali letu la vigoda lilikuwa hili: nani aliruhusiwa kukikalia? Kwa Wasukuma, isumbi, yaani kigoda cha nyumbani, na kiti cha mtemi, mtawala wa jadi, ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote vimechongwa kwa tezo ile ile. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, viti havikufutwa, na baadhi ya vile tulivyoazimwa vilikuwa vimehifadhiwa na familia tangu wakati huo. Anayetaka kuona swali kama hilo likijibiwa vizuri aende Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambako jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kiasi kwamba mgeni huanza kufikiri kuhusu mamlaka akiwa bado yuko nje.

Kigoda kilichonifundisha zaidi kilitoka Magu, kwa bibi mmoja aliyekirithi kwa baba yake. Kilikuwa kimechongwa kwa gogo moja, kina miguu mitatu, na upande wa kushoto wa kikalio ulikuwa umelika na kung'aa kuliko wa kulia, kwa sababu mzee alizoea kuegemea upande huo akivuta kiko. Tulifungua maonyesho mwezi Juni, na mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka karibu na dirisha la magharibi ili mng'ao ule uonekane jioni. Katika wiki ya tatu niliona ufa mwembamba kama uzi, umeanzia ukingoni ukielekea katikati.

Sababu yake niliielewa nikiwa nimechelewa. Mti hata ukikatwa miaka hamsini iliyopita huendelea kunywa na kutoa unyevu wa hewa, na unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini, kwa hiyo kipande kilichotoka kwenye gogo zima hupasuka kuanzia ukingoni. Kigoda kile kilikuwa kimetoka kwenye masika kikaingia kiangazi, na juu ya hayo nikakiongezea jua la alasiri.

Nilikwenda Magu kumweleza mwenyewe kabla maonyesho hayajafungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mikono mitupu?"

Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba hakukiweka juani hata siku moja. Kwa nini hukuniuliza kinakaaje?"

Tangu siku hiyo, fomu yetu ya kuazima vitu haianzi na vipimo wala thamani. Inaanza kwa kuuliza kitu hicho hukaa wapi nyumbani, hufutwa kwa kitu gani, na nani hapaswi kukigusa. Baada ya hapo ndipo tunapiga picha pande zote, tunaandika kila ufa na kila kovu lililokuwepo, na pande zote mbili zinatia saini. Familia ikisema kitu fulani hakionyeshwi hadharani, tunakiacha, na sitaki kusikia hoja ya kinyume.

Kuhusu hewa, makumbusho mengi ya nchi za nje hulenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55, jambo ambalo ukumbi usio na mitambo kando ya ziwa hauwezi kulifikia mwaka mzima. Kinachowezekana ni kuzuia mabadiliko ya ghafla. Leteni vitu ukumbini wiki mbili kabla ya kufungua, vikiwa vimefunikwa kwa shuka la pamba, vikae mbali na madirisha na feni. Mkiona matundu madogo ya duara na unga mpya chini yake, huyo ni mdudu anayetoboa mbao, na kifaa hicho kisiingie kabisa kati ya vingine. Sisi tulimwomba mama anayeuza sangara atuazime friza moja, tukaisafisha, tukafunga kigoda kwa nailoni bila kuacha upenyo, tukakiacha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Nailoni tuliifungua siku moja baada ya kukitoa, ili umande utue juu yake na si juu ya mti. Njia hii tuliitumia kwa mti mtupu pekee, usio na rangi, gundi wala ngozi.

Lebo ziwe fupi, na ziwe za Kiswahili kwanza.

Wekeni pia kitu cha kushikwa mkononi, kwa sababu mtoto aliyekatazwa kugusa kila kitu hukumbuka makatazo tu. Tuliweka ndoo ya maji, kipande cha mninga na kipande cha kiini cha mpingo. Mninga ulielea, mpingo ukazama moja kwa moja, na wanafunzi walirudia jaribio hilo mpaka sakafu ikalowa. Kando yake tulilaza kinyago kilichopakwa kiwi ya viatu ili kifanane na mpingo, tukakikwangua chini kwa kisu, mti mweupe ukaonekana. Wazee kadhaa waliinama kukitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Siku ya kurudisha, nilimpelekea bibi kigoda chake pamoja na nakala ya lebo yenye jina la baba yake aliyekichonga. Aliomba asomewe mara mbili, akakirudisha kigoda mahali pake nyuma ya mlango, ufa ukiwa umeelekea ukutani.