Singeli harusini: jibu kutoka Igombe

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo singeli, muziki wa kasi unaotengenezwa kwa kompyuta, pamoja na kukata mauno kunakoandamana nayo, ipigwe marufuku kwenye sherehe za familia. Nilipolisoma swali hilo nilijibu ndiyo papo hapo, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa watu waliowahi kuizima, na ninaandika kwa sababu tangu usiku ule moyo wangu haujatulia.

Nimelelewa Kisesa, Mwanza, jirani na Bujora, ambako msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watazamaji wengi ndio huhesabiwa kuwa umeshinda. Kwetu ngoma ina manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na mavazi yake, na hata jembe linaporushwa juu katika bugobogobo kila mtu anajua kwamba ngoma hiyo ilitoka shambani, ambako watu walilima pamoja wakifuata mdundo. Singeli niliiona kuwa kelele ya kompyuta isiyo na mwenyewe. Katika hilo nilikosea, kwani ina kwao: ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mbagala, ikachota kwenye muziki na ngoma za hapo kama mchiriku, segere na mdundiko wa Wazaramo, na watayarishaji wake huchukua hata kipande cha taarabu, wakakizungusha na kukiharakisha mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, mengine yakakaribia 300. Vigodoro vyake, yaani sherehe za usiku kucha, hukesha mtaani, mahali ambapo familia isiyo na fedha ya ukumbi inaweza kusherehekea na majirani wote.

Sasa nieleze yaliyotokea Igombe, huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na maturubai yalifungwa hatua chache kutoka pale mitumbwi inapoegeshwa. Ilipofika saa tano usiku, vijana waliokuja na bibi harusi kutoka Dar walimpa DJ flashi yao, na singeli ikaanza. Wapishi sikuwa nimewatia machoni siku nzima, maana tangu alfajiri walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, wakiparua sato na kugeuza pilau katika masufuria makubwa. Muziki ule ndio uliowatoa. Walikuja kama kumi hivi, dada yangu mkubwa akiwa mbele, majivu bado yakiwa miguuni, akaifunga kanga upya chini ya kiuno, akakaza fundo mara mbili, akainama kidogo na kulegeza magoti. Niliona jambo ambalo wakati huo sikulipa uzito. Hakuna mwili unaoweza kuyafuata mapigo yote yale, kwa hiyo vijana waliyafuata kwa nyayo, wakikanyaga upesi upesi kama watu wanaozima moto wa nyasi, ilhali dada na wenzake walichukua pigo moja na kuacha moja, viuno vikizunguka taratibu juu ya kasi ile bila kupotea hata mara moja.

Mzee mmoja wa ukoo akaniangalia, bila kusema neno. Nikaenda kwa DJ nikamwamuru azime, naye akazima katikati ya mshororo, ukabaki mngurumo wa jenereta peke yake. Vijana walinung'unika, lakini si hao ninaowakumbuka. Dada alisimama pale alipokuwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tumefika." Kisha akaifungua kanga, akajitanda mabegani, wakarudi wote kwenye masufuria, na nyimbo zilizowekwa baadaye hazikumtoa hata mmoja wao.

Nilidhani ninalinda heshima ya ukoo, kumbe niliwanyang'anya waliotulisha wakati wao pekee wa kufurahi. Wala mauno hayakuletwa na kompyuta. Mabibi waliyajua kabla ya umeme kufika. Ng'ambo ya ziwa letu hili, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, na wasanii wa singeli wamekwenda kuicheza hadi Ulaya, huku sisi wa ufukwe wa kusini tukijadili kuifungia.

Bado ninasema kwamba mashairi ya matusi hayafai mbele ya watoto na wakwe, na kwamba jirani mwenye mgonjwa ana haki ya kulalamika saa sita usiku ikipita. Kwa masharti hayo, na mradi kamati izisikilize nyimbo mapema, jibu langu limegeuka kuwa hapana, isipigwe marufuku, ingawa mzee yule akiniuliza ana kwa ana sina hakika kama nitathubutu kumjibu hivyo. Desemba tunamwoza binti wa dada huyo huyo. Katika ratiba nimeshaandika: saa tatu usiku, wapishi wakishakula, singeli nusu saa.