Re: Zana za kikundi cha wasomaji sita, Darasa la Kwanza

Mwalimu, umeuliza uanze na zana gani wakati bajeti ni ya shule yenyewe tu. Anza na visoda. Kusanya vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, osha, kausha kabisa (mafuta ya vidole yakibaki, wino unafutika), kisha andika silabi moja kwa kila kifuniko kwa maka peni ya kudumu. Silabi, si herufi: mtoto anasoma "ma", haungi "m" na "a". Ishirini zinatosha kila mtoto. "Ka", "ma" na "ta" ziandike mara mbili, la sivyo "kaka" na "mama" hayajengeki.

Kosa linalorudi kila mahali: kifuniko ni duara, hakina juu wala chini. "nu" ikigeuzwa inasomeka "nu" vilevile, lakini "pa" na "du" zinavuruga watoto kabisa. Piga mstari chini ya kila silabi. "Ng'o" na "mbwa" haziingii vizuri, ziweke kwenye kadi za manila za sentimita 8 kwa 10.

Wakalishe nusu duara kwenye mkeka, si duara kamili. Wa upande wa pili wanasoma kadi kichwa chini.

Wanaoruka mistari wape kipande cha manila, ila wafunike mstari uliokwisha kusomwa, wa juu. Wakifunika wa chini, jicho linakwama mwisho wa kila mstari.

Na usiwaachie wasome kwa pamoja muda wote. Mmoja husoma, watano huitikia.