Kabla hujamwachia fundi kanda za nyanyako

Usimpelekee fundi kanda hizo Jumamosi. Nimeiweka sentensi hii mwanzo kwa makusudi, kwa sababu najua wengi husoma mistari miwili ya jibu kisha wakaenda zao, na mstari mmoja ukitosha kukuzuia basi mengine yote ni ziada.

Umeeleza kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa kwanza. Kwamba nyanyako wa Kibokoni, hapa Mombasa, amekuachia boksi la kanda za taarabu kwa kuwa mnahamia Kisauni na nafasi haitoshi. Na kwamba fundi mmoja amekubali kukuhamishia kwenye fleshi zile nyimbo kumi uzipendazo, akusafishie "kelele" za katikati, kisha abaki na kanda zenyewe ili akupunguzie bei. Ukauliza utumie programu gani, ununue spika gani za masikioni za kusikilizia bwenini, na kama mpango wenyewe una ubaya wowote. Ubaya upo. Mpango huo niliutekeleza mimi mwaka 2009, karibu neno kwa neno, na nilipousoma leo kwenye swali lako nilidhani kuna mtu aliyenichungulia akaamua kunidhihaki.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, mbali na pwani, mahali ambapo kupenda taarabu kulikuwa sawa na kukiri kwamba umezaliwa ukiwa na miaka sitini. Wenzangu walikuwa na nyimbo zao za redioni, nami nilikuwa na beti nilizozinakili nyuma ya daftari la hisabati, ambazo mwalimu alizizungushia kalamu nyekundu akaandika "Onyesha hatua." Nyimbo hizo sikuzijua kwa majina. Nilizijua kwa kazi za nyumbani: upo uliokuwa wa nazi ya kwanza, upo uliokuwa wa nazi ya pili, kwa sababu nyanya alikuwa akiweka kanda baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye mbuzi, akakuna, na mimi nikapewa kazi ya kugeuza upande wa pili kila utepe ulipofika mwisho. Hata leo wimbo mmoja ukianza nasikia harufu ya tui kabla sijasikia fidla.

Kanda zilikuwa kumi na nne. Fundi wangu alikuwa na kibanda Mwembe Tayari, na sitamtaja, ingawa si kwa sababu ya ukarimu. Aliichukua kanda ya kwanza, akaielekeza kwenye mwanga, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua dafu, akasema, "Ukungu. Hizi miezi sita hazifiki." Ukungu ulikuwepo kweli, lakini kwenye kanda moja tu, ungeuona wewe mwenyewe kupitia kile kidirisha, vidoa vyeupe ukingoni mwa utepe uliojizungusha. Zile kumi na tatu zilikuwa nyeusi safi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mbele yangu kuna mtu mwenye spika masikioni na bisibisi mkononi, na nilimwamini kama anavyoaminiwa daktari.

Bei yake ilikuwa shilingi 50 kwa kanda. Nilichagua tisa, kwa sababu zile tano nyingine zilikuwa za udi, ile ala ya nyuzi, na sauti ya polepole, na kwa akili yangu ya wakati huo hizo zilikuwa nyimbo za kulalia. Tisa mara hamsini ni 450. Akaniambia nikimwachia kanda zote kumi na nne, maana "utazifanyia nini tena," nitalipa 300. Nikazifurahia shilingi 150 zangu. Nilikwenda nazo Mama Ngina, kando ya bahari, nikala mhogo wa pilipili na ndimu, nikanywa dafu, nikatazama meli zikiingia. Kwa hiyo mtu akiniuliza nyanya yangu nilimuuza kwa bei gani, hesabu ninayo, na hatua nimeionyesha.

Jambo ambalo lingenishtua hata kabla ya mhogo ni saa. Kanda ya dakika 90 huhamishwa kwa dakika 90, kwa sababu kompyuta inapokea sauti kadiri redio inavyoicheza. Kanda tisa ni saa kumi na tatu na nusu. Nilimkabidhi saa tatu asubuhi, akanipa fleshi saa kumi na moja jioni ya siku hiyo hiyo, naye alikuwa na redio moja tu juu ya meza. Mtu aliyeandika beti nyuma ya daftari la hisabati badala ya hesabu hastahili kushangaa kwamba hakuligundua hilo. Nilifungua kila faili, nikasikiliza kama dakika moja hivi, nikasikia wimbo unaanza, nikaridhika, nikarudi shuleni.

Likizo ya Agosti nikarudi nyumbani. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na siku ya kuvunja jungu ukoo wote ulikusanyika kwa nyanya. Mwezi uliokuwa ukija hakuwa anafungua muziki kabisa, kwa hiyo jioni ile alitaka asikie kanda moja aliyoipenda kuliko zote, iliyorekodiwa mwaka 1987 kwenye arusi ya shangazi yangu. Hiyo haikuwa kanda ya dukani. Mtu aliweka redio chini ya kiti cha nyanya usiku wa taarabu akabonyeza kitufe. Nikaunganisha fleshi kwa majivuno yote ya kijana aliyeleta teknolojia nyumbani.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nyanya akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Mbona huyu yuwaimba kama aliyefinywa?" Watu wakacheka. Alikuwa na haki. Utepe wa kanda umepangiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, na redio ya yule bwana ilikuwa ikikimbia. Ikizidi asilimia sita tu, sauti yote hupanda kwa nusu toni, na mwimbaji mwenye kifua kizito anakuwa mtoto wa madrasa. Hilo tungelivumilia. Wimbo wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha, ukaingia wa nne mara moja, bila pumzi katikati. Nyanya akanyoosha mkono kuniashiria nisimamishe. Akauliza, "Na miye niko wapi?"

Baada ya wimbo wa tatu, kwenye kanda ile, palikuwa na dakika kadhaa ambazo fundi aliziita kelele. Watu walikuwa wakienda kutunza, yaani kuwapa waimbaji pesa, mtu wa kipaza sauti akitaja nani ametoa na kwa ajili ya nani, viti vikiburutwa, watoto wakikemewa, na hapo jina la nyanya lilitajwa, akajibu kwa kigelegele kirefu kilichojaa kwenye redio kwa kuwa redio ilikuwa chini yake, kisha akamwambia jirani yake jambo la kumchekesha kuhusu mavazi ya upande wa bwana arusi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiisubiri sehemu hiyo kila alipoiweka kanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia mara nyingi mno hata nikaacha kuisikia, na ndiyo maana nilipoambiwa "nikusafishie kelele?" niliitikia "ndiyo" bila kufikiri. Fundi hukata kila kisichofanana na wimbo. Hana habari kwamba wimbo ulikuwa ni kisingizio tu cha watu wale kuwa mahali pamoja.

Asubuhi yake nilikuwa Mwembe Tayari kabla kibanda hakijafunguliwa. Kanda ya arusi niliikuta juu ya meza, karatasi yake bado ina mwandiko wa nyanya wa herufi za Kiarabu kwa wino wa buluu, na kwenye kile kitundu cha mgongoni kimebandikwa selotepu. Ukitaka kujua maana ya selotepu hiyo: kila kanda ina vijimeno viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande, na vikivunjwa redio hukataa kurekodi juu yake. Nyanya alikuwa amevivunja vyote viwili mwaka ule ule wa 1987, mwanamke ambaye hakuwahi kusomea ufundi wowote. Na fundi aliyesomea akaziba kitundu ili redio idanganyike. Nikaomba aiweke. Ukatoka muziki wa vijana, mkali, wa densi, na juu yake sauti ya mtu akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Akaniambia, "Si uliniachia?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilimwachia. Ninachomlaumu hadi leo ni ile "miezi sita hazifiki." Kanda zilizotunzwa mahali pakavu hudumu miongo, naye alilijua hilo vizuri, la sivyo asingezitaka.

Najua utaniambia kwamba nyimbo hizo siku hizi ziko mtandaoni, na ni kweli kwamba waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin walifariki, mmoja mwaka 2014 na mwingine mwaka 2016, na bado unaweza kuwasikiliza wote wawili ukiwa ndani ya tuktuk. Wimbo wenyewe haukupotea. Kilichopotea ni wimbo ulivyoimbwa usiku mmoja, katika uwanja mmoja, ukarefushwa hadi robo saa kwa sababu watu walikuwa bado wanatunza, na taishokoto, kile kinanda cha Kijapani chenye vibonyezo kama vya taipureta, kikigoma katikati na kuchekwa. Nakala ya pili ya hiyo haipo Mombasa wala duniani. Na zile kanda tano za udi nilizoziona za kulalia ndizo ninazozitafuta sasa kwa watu, nikiwa na umri wa kuzielewa. Kwa hiyo unapoandika "nyimbo zangu kumi nizipendazo", nakuomba radhi, lakini wewe wa miaka kumi na tisa huna mamlaka ya kumchagulia wewe wa miaka thelathini na tano.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: kanda haiondoki mikononi mwako mpaka uwe umeisikiliza nakala yake yote, pande zote mbili, tangu mwanzo hadi utepe unapokatika mlio, kwa masikio yako, na nakala hiyo iwe imekaa mahali pawili tofauti. Ukishafanya hivyo, bado usiitoe kanda. Boksi la kanda ishirini linaingia chini ya kitanda chochote cha Kisauni.

Kazi yenyewe utaifanya nyumbani. Leo usiku vunja vile vijimeno kwenye kila kanda, kwa ncha ya kisu, kabla ya jambo lingine lolote. Yenye vidoa vyeupe itenge peke yake usiicheze, maana itachafua kichwa cha redio, kile kichuma kinachogusa utepe na kuusoma, na redio itaupaka ukungu huo kwenye kanda zote zitakazofuata. Kichwa cha redio kisafishe kwa pamba na spiriti, ukiache kikauke. Kila kanda ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuisikiliza, ili utepe uliogandamana kwa miaka ulegee. Ukichomoza, kalamu ya risasi inatosha kuurudisha. Waya utoke kwenye tundu la spika za masikioni la redio uingie kwenye kompyuta, na programu ya bure ya Audacity inatosha kabisa. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, si MP3 inayobana na kupunguza, na usikate chochote. Kanda ya dakika 90 itachukua karibu megabaiti 950, jambo ambalo mwaka 2009 lilikuwa balaa na leo ni nafasi ya video chache za mpira ulizonazo kwenye simu. Na kabla hujaanza, cheza wimbo mmoja mbele ya nyanyako. Akisema mwimbaji amefinywa, redio ina kasi. Tafuta nyingine, usibishane naye.

Mkalishe karibu wakati wa kurekodi, ukiweza. Yeye anajua baada ya wimbo wa ngapi kuna nini.

Spika za masikioni: zozote. Programu ya simu: yoyote. Naona uliuliza pia habari za kupanga nyimbo kwa majina ya waimbaji, nalo tutalizungumza siku nyingine. Kilichonikosesha raha ni kwamba hukusema boksi lenyewe liko wapi wakati huu. Umeandika kwamba fundi "amekwisha kuziangalia." Aliziangalia kwenu au kwake? Kama uliziacha kwake ziangaliwe, funga simu, chukua tuktuk, uende sasa hivi, na hesabu kanda moja moja mbele yake kabla hujamlipa hata shilingi.