Ankara kutoka idara jirani: nani analipia huduma za pamoja za jimbo?

SWALI: Shikamoo mhasibu. Nina miezi minne tangu niajiriwe kitengo cha fedha cha idara ya afya katika jimbo moja hapa Marekani. Kila mwezi inaingia ankara kutoka idara ya utawala ya jimbo hilohilo: barua pepe, magari, pango la ofisi, hata kazi ya kuandaa mishahara. Fedha ni za serikali ileile, zinatoka mfuko huu zinaingia mfuko ule. Kwa nini bunge la jimbo lisiipe idara hiyo bajeti yake yakaisha? Halafu bosi wangu anasema magari tukikodi nje tutalipa dola 470 kwa mwezi badala ya 500, kwa hiyo tuyarudishe yote 40. Amekosea?

JIBU: Marahaba. Bosi wako hajakosea hesabu yake, ila anasoma ukurasa mmoja wa daftari. Nitamfikia.

Bunge linaweza kutenga bajeti moja kwa moja, na kwa kazi za sera na usimamizi ndivyo linavyofanya mara nyingi. Kwa huduma zinazotumika kwa kiasi, kama magari na simu, tatizo ni kwamba anayetumia haoni gharama. Niliwahi kupitia orodha ya laini za simu za ofisi moja nikakuta za watu waliostaafu zamani bado ziko hewani. Ankara ilipoanza kuja laini kwa laini, zilikatwa ndani ya wiki mbili. Kwetu Tanzania jambo hili si geni: TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, ikitengeneza gari la wizara, wizara inaletewa ankara.

Lakini sababu nzito ni Washington. Idara yako bila shaka inagusa Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini, ambao serikali ya shirikisho huchangia angalau asilimia 50 ya gharama za matibabu. Jimbo likilipia seva na karakana kwa mfuko wake mkuu likanyamaza, linabeba mzigo wote peke yake. Likizitoza idara zake, gharama inaingia kwenye hesabu za kila programu na shirikisho linalipa fungu lake. Ndivyo ilivyo pia kwa mifuko maalumu, kama ule wa barabara unaotokana na kodi ya mafuta.

Kanuni zenyewe ziko katika 2 CFR 200, yaani kanuni za shirikisho kuhusu matumizi ya ruzuku zake, Kiambatisho cha Tano, zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2014 badala ya waraka wa zamani wa A-87. Zinatenganisha mafungu mawili. La kwanza ni gharama zinazogawanywa bila ankara, kama uhasibu mkuu wa jimbo. La pili ni huduma zinazotozwa, ambazo kwa kawaida hukaa katika mfuko wa huduma za ndani, yaani mfuko unaojiendesha kwa ankara hizo. Jimbo huandaa mpango wa mgawanyo, nao hupitiwa na Wizara ya Afya na Huduma za Binadamu ya Marekani. California ina njia mbili kwa gharama za fungu la kwanza: Pro Rata hurejesha gharama kutoka mifuko maalumu, na SWCAP, yaani mpango wa mgawanyo wa gharama za jimbo zima, kutoka fedha za shirikisho.

Sasa kiwango. Faida hairuhusiwi. Tuseme karakana ya jimbo inayokodisha magari kwa idara ina magari 200 na inatumia dola 1,200,000 kwa mwaka: gawa kwa magari, gawa kwa miezi 12, unapata hizo 500. Ndani yake kuna uchakavu, tuseme dola 300,000. Gari jipya haliingizwi lote kwenye ankara ya mwaka liliponunuliwa, linaingia kidogo kidogo kadiri linavyochakaa. Gharama za taslimu zinabaki 900,000, na akiba ya uendeshaji inayokubalika kwa kawaida ni ya siku 60, yaani kama dola 148,000. Akiba ikizidi hapo, wateja warudishiwe au viwango vya mbele vishushwe.

Hapa ndipo wanasiasa huwa wanajikwaa. Mwaka wa ukata bunge linaona mfuko wa magari una salio, linachota dola 100,000 kujazia mfuko mkuu. Kama asilimia 30 ya ankara zilizojenga salio hilo zililipwa na ruzuku za shirikisho, basi dola 30,000 hazikuwa za jimbo. Zitadaiwa, tena na riba.

Turudi kwa bosi. Katika ile 1,200,000, tuseme 480,000 hazisogei hata gari moja likiondoka: jengo, mafundi, mfumo wa kompyuta. Mkirudisha magari 40, karakana inaokoa 144,000 tu, na magari 160 yaliyobaki yanapanda hadi dola 550 kila moja. Idara yenu inaokoa dola 14,400 kwa mwaka, wenzenu wanaongezewa 96,000. Jimbo zima limepoteza 81,600, mpaka siku karakana itakapopunguza watu na jengo. Mwakani idara nyingine itaiona 550, nayo itaondoka.

Kwa hiyo majimbo mengi hulazimisha idara kutumia baadhi ya huduma. Iowa ilipounda Idara ya Huduma za Utawala mwaka 2003 ilizipanga huduma kwa aina: za uongozi, zinazolipiwa kwa bajeti ya bunge, za lazima, ambazo mabaraza ya wateja, yaani idara zenyewe, yalipewa sauti juu ya viwango, na za sokoni, ambazo idara ilikuwa huru kununua kwingine. Mimi naupenda mpango huo kwa sababu anayelazimishwa kununua alipewa kiti mezani.

Wewe usianze kubishana na kile kiwango, anza na kigawio, yaani kipimo kinachotumika kugawanya gharama. Pango linagawanywa kwa futi za mraba au kwa idadi ya wafanyakazi? Ofisi yenye watu wengi waliobanana hulia kwa kigawio cha pili. Kisha omba ulinganisho wa mwaka uliopita kati ya makusanyo na gharama halisi. Na uwahi: majimbo 46 huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na viwango hupangwa miezi mingi kabla ili viingie kwenye maombi ya bajeti. Lalamiko la Mei litakupatia jibu la heshima na ankara ileile.